Wasiogusa Mpira Huchaguliwa Mapema

Katika futiboli ya Kimarekani, timu inayoshambulia huingiza uwanjani watu 11, na watano kati yao hawaruhusiwi hata kudaka pasi. Kazi yao ni kusimama kati ya mwenye mpira na watu wanaomtaka. Wa katikati, anayeitwa senta, huinama juu ya mpira na kuupeleka nyuma kwa kuupitisha katikati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo magadi wawili, na nje ya magadi hao wapo wazuiaji wawili wa pembeni. Nyuma yao ndipo alipo kotabeki, mpiga pasi, ambaye ana sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua mpira uende wapi kabla hajakumbwa. Watano hao wakifanya kazi vizuri, mtangazaji hawataji. Jina la mmoja wao likisikika, mara nyingi ni kwa sababu amevunja kanuni, au mtu wake amempita na kotabeki yuko chini.

Mkulima wa Muleba anayo sura ya jambo hilo kibanjani kwake. Mgomba ukibeba mkungu mzito huegemezwa kwa mti, la sivyo huanguka na ndizi zake kabla hazijakomaa. Mgeni akifika husifu mkungu. Mti hausifiwi na mtu. Tofauti ni kwamba mti wa kuegemeza mgomba hukatwa popote, ilhali wazuiaji hawa hawapatikani popote. Wengi wao wana urefu unaozidi mita 1.90 na uzito wa kilo 135 hadi 150, yaani zaidi ya magunia mawili ya kahawa safi ya kilo 60. Uzito huo wote lazima utembee kwa miguu myepesi, tena kinyumenyume, mbele ya mtu mwenye nguvu kama hizo anayekuja kwa kasi. Bill Parcells, kocha aliyetwaa ubingwa mara mbili akiwa na New York Giants, alikuwa na nadharia yake kuhusu hili: duniani wapo watu wachache mno wenye mwili mkubwa kiasi hicho na wepesi kiasi hicho, kwa hiyo ukimwona mmoja mchukue, maana wa pili huenda asitokee.

Kumchukua hufanyika kwa drafti. Neno hili lisichanganywe na drafti ya vizibo inayochezwa vibarazani mjini Bukoba. Katika ligi ya NFL, drafti ni siku za kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Timu 32 hupanga foleni, na kila moja huchagua mchezaji mmoja katika kila duru, hadi duru saba ziishe. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita hutangulia, bingwa huwa wa mwisho. Kijana hachagui timu. Timu ndiyo humchagua yeye. Nafasi ya kuchagua ni mali kamili: huweza kubadilishwa kwa mchezaji, au kwa nafasi nyingine za mwaka huu na za miaka ijayo. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 kwa wazo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikipigwa kila mara huku wachezaji bora wakikimbilia timu zenye fedha. Kichekesho ni kwamba kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti hiyo, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya NFL.

Watanzania waliufahamu utaratibu wa namna hii kupitia mchezo mwingine. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika drafti ya mpira wa kikapu ya NBA na timu ya Memphis Grizzlies. Alichaguliwa mapema hivyo kwa sababu ya kuzuia: alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.20, na mikono yake ilifunga njia ya kikapu. Nyuma yake katika foleni walikuwapo James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis ilimpeleka kwenye ligi ya chini kujifunza zaidi, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limempata mtu aliyechaguliwa mapema kama yeye. Hoja ya Memphis haikuwa ya kipuuzi: mwili kama ule ni adimu. Uadimu, hata hivyo, ni nusu ya hesabu tu.

Kwa muda mrefu futiboli yenyewe haikuwathamini sana wazuiaji wake. Mambo yalianza kubadilika timu zilipoongeza pasi na kupunguza kukimbia na mpira, na picha iliyobaki vichwani mwa wengi ni ya usiku wa Novemba 18, 1985. Usiku huo Lawrence Taylor wa New York Giants alimfikia kotabeki wa Washington, Joe Theismann, na mguu wa Theismann ukavunjika mbele ya kamera za televisheni. Hakucheza tena. Kotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijigeuza kupiga pasi, huupa mgongo upande wa kushoto. Anayetokea huko hamwoni. Hivyo mzuiaji wa pembeni kushoto, ambaye awali alikuwa mmoja tu wa wale watano, akawa bima ya mchezaji ghali kuliko wote. Soko likafuata. Orlando Pace mwaka 1997, Jake Long mwaka 2008 na Eric Fisher mwaka 2013 walichaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti zao, wakiwapita makotabeki na wakimbiaji ambao majina yao yalikuwa tayari kwenye midomo ya watu.

Sababu ya pili ni fedha. Hadi mwaka 2010 aliyechaguliwa wa kwanza alilipwa kana kwamba ameshathibitisha kila kitu: Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka huo, alipata mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika hata kama angeshindwa. Makubaliano mapya kati ya wamiliki na chama cha wachezaji mwaka 2011 yaliweka kiwango maalumu cha malipo ya wageni, yaani vijana wanaoingia ligi kwa mara ya kwanza. Cam Newton, chaguo la kwanza la mwaka huo huo, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kijana anayechaguliwa mapema akawa ni mali inayopatikana kwa bei nafuu. Mzuiaji mzuri wa kushoto akinunuliwa sokoni akiwa na miaka 28 hula sehemu kubwa ya bajeti. Yule yule akichukuliwa kwa drafti hutumika miaka minne, pengine mitano, kwa bei ya mgeni. Timu yenye akili hutumia nafuu hiyo kulipa wengine.

Hakuna timu iliyoifuata hesabu hii waziwazi kama Dallas Cowboys, na mwanzoni haikuwa tabia yake. Jerry Jones aliinunua mwaka 1989, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuwahi kutumia chaguo la duru ya kwanza kwa mzuiaji hata mmoja. Dallas ni timu ya vioo na taa. Ilipenda watu wanaobeba mpira. Mwaka 2011 ikavunja mwiko kwa kumchukua Tyron Smith, chaguo la tisa, kijana wa miaka 20 aliyekuja kuwa mlinzi wa upande wa kushoto kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka 2013 ikamchukua senta Travis Frederick, chaguo la 31, na watu wakacheka wakisema kijana huyo angepatikana hata duru ya pili au ya tatu.

Kisha ukaja mwaka 2014. Zamu ya Dallas ilipofika, chaguo la 16, alikuwa bado mezani Johnny Manziel, kotabeki wa Texas aliyekuwa maarufu kuliko kijana yeyote wa chuo wakati huo. Jones alimtamani, na baadaye hakuficha. Waliomzunguka, mwanawe Stephen akiwa mmoja wao, walimvuta kwa nguvu hadi likatajwa jina la Zack Martin, gadi ambaye nje ya chuo chake cha Notre Dame wachache walimjua. Manziel alichukuliwa na Cleveland, chaguo la 22, na Machi 2016 timu hiyo ikamwacha. Martin alikaa Dallas hadi alipostaafu mwaka 2025, akiwa ameteuliwa mara tisa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Ni nadra uamuzi wa meza moja kuhukumiwa na wakati kwa uwazi kiasi hicho.

Matunda ya ukuta huo yalionekana kwa watu wengine, kama ilivyo kawaida ya kazi hii. Msimu wa 2014 DeMarco Murray alikimbia yadi 1,845 akiwa na mpira, rekodi ya klabu, na Dallas ikashinda mechi 12 kati ya 16. Murray akapata jina, akahamia Philadelphia kwa mkataba mnono, na huko msimu uliofuata akapata yadi 702. Miguu ilikuwa ile ile. Mwaka 2016 Dallas ikaingiza wageni wawili nyuma ya ukuta ule ule: Ezekiel Elliott, chaguo la nne, akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,631, na Dak Prescott, kotabeki aliyechaguliwa wa 135 katika duru ya nne, akashinda mechi 13 na kupoteza tatu. Hata hivyo misimu yote miwili iliishia mikononi mwa Green Bay katika hatua ya mtoano, na Dallas haijachukua ubingwa tangu Januari 1996. Ukuta imara hufikisha timu mbali. Haufungi magoli, haumzuii mpinzani asifunge ya kwake.

Kansas City Chiefs walijifunza somo hilo kutoka upande wa pili. Februari 2021, katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, dhidi ya Tampa Bay, walikuwa na kotabeki bora kuliko wote, Patrick Mahomes, lakini wazuiaji wake wote wawili wa pembeni walikuwa majeruhi, mmoja wao akiwa yule yule Eric Fisher wa mwaka 2013. Mahomes alikimbia huku na huko usiku mzima, wakafungwa 31 kwa 9. Klabu haikusubiri. Miezi michache baadaye ilitoa chaguo lake la duru ya kwanza ili kumpata Orlando Brown kutoka Baltimore, ikamnunua gadi Joe Thuney, ikamchagua senta Creed Humphrey duru ya pili, na katika duru ya sita, chaguo la 226, ikamwokota Trey Smith. Februari 2023 walikutana na Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha makotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Katika fainali hiyo Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38 kwa 35.

Wapo waliokwenda kinyume, na inafaa kutajwa kwamba hawakuaibika. Cincinnati Bengals mwaka 2021 walikuwa na kotabeki kijana, Joe Burrow, aliyetoka kuumia goti vibaya. Chaguo lao lilikuwa la tano. Watu wengi walidhani watamchukua mzuiaji Penei Sewell. Wao wakamchukua mdakaji Ja'Marr Chase, na Sewell akaenda Detroit kwa chaguo la saba. Chase akawa mgeni bora wa mwaka upande wa mashambulizi na Cincinnati ikafika Super Bowl. Burrow, kwa upande wake, aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida, mara tisa katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, na mara saba katika fainali yenyewe, waliyoipoteza kwa Los Angeles Rams 23 kwa 20. Kila upande wa mjadala huu unao ushahidi wake humo, na ndiyo maana haujaisha.

Anayedhani chaguo la mapema ni dhamana na aangalie drafti ya mwaka 1989. Watano wa kwanza walikuwa Troy Aikman, Tony Mandarich, Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders. Wanne wameingia katika jumba la heshima la mchezo huo. Aliyebaki nje, Mandarich, ndiye aliyekuwa mzuiaji; Green Bay walimpa sifa zote kabla hajacheza, na baada ya misimu mitatu uwanjani hawakuwa naye tena. Mwaka 2013 nao ulitoa wazuiaji watatu katika machaguo manne ya mwanzo: Fisher wa kwanza, Luke Joeckel wa pili kwa Jacksonville, na Lane Johnson wa nne kwa Philadelphia. Johnson akawa nguzo ya timu kwa zaidi ya miaka kumi. Joeckel hakudumu Jacksonville, na mwaka 2017 akatua Seattle, ambako alisimama bega kwa bega na mtoto wa Afrika Mashariki.

Huyo ni Rees Odhiambo. Alizaliwa Kenya, akalelewa Texas, akacheza katika chuo kikuu cha Boise State kama mzuiaji, ingawa majeraha yalimkatiza misimu huko. Mwaka 2016 Seattle Seahawks, ambao walikuwa wamempoteza mzuiaji wao wa kushoto Russell Okung, waliamua kuujenga upya ukuta wao kwa drafti. Katika duru ya kwanza, chaguo la 31, walimchukua Germain Ifedi. Katika duru ya tatu, chaguo la 97, wakamchukua Odhiambo. Pembeni yao wakamsajili George Fant, aliyekuwa mchezaji wa kikapu chuoni na ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote. Kocha wa safu hiyo, Tom Cable, alisifika kwa kuwageuza watu wa nafasi nyingine kuwa wazuiaji, kama fundi anayetengeneza mlango kwa mbao alizozikuta.

Agosti 2017, kabla ligi haijaanza, Fant aliumia goti na msimu wake ukaisha. Nafasi ngumu kuliko zote ikamwangukia Odhiambo. Septemba 10 Seattle ilifungua msimu ugenini Green Bay, na kutoka kushoto kwenda kulia ukuta ulisomeka hivi: Odhiambo wa duru ya tatu, Joeckel aliyewahi kuwa chaguo la pili nchini kote, Justin Britt wa duru ya pili, Mark Glowinski wa duru ya nne, Ifedi wa duru ya kwanza. Ukizihesabu kwa karatasi, hizo ni rasilimali nyingi. Uwanjani Seattle ilipata pointi tisa tu ikafungwa 17 kwa 9, huku kotabeki Russell Wilson akikimbizwa kama mwizi wa ndizi. Oktoba 1, dhidi ya Indianapolis, Odhiambo alipigwa kikumbo cha kifua baada ya mpira kunaswa na wapinzani, na mechi ilipoisha akapelekwa hospitali. Mwisho wa mwezi huo Seattle ilichoka kusubiri: ikatoa machaguo ya miaka iliyofuata kwa Houston ili kumpata Duane Brown, mzuiaji mzoefu ambaye naye alichaguliwa duru ya kwanza miaka tisa nyuma. Odhiambo alirudi benchi, na mwaka uliofuata timu ikamwachia.

Kumlaumu Odhiambo peke yake ni kuikosa sababu. Wazuiaji watano hufanya kazi kama wavuta kokoro wa Kemondo: mmoja akivuta kabla ya wenzake, samaki hupita. Adui hubadilisha sura kila mchezo. Huvuka, hujifanya anakuja kisha hurudi nyuma, hutuma mtu wa nyuma ghafla. Gadi na mzuiaji wa pembeni lazima wakabidhiane watu bila kusemezana, na hilo huja kwa kucheza pamoja misimu miwili au mitatu. Seattle ilibadilisha watu kila mwaka, ikapanga jirani wageni na waliojeruhiwa, kisha ikashangaa kwa nini vipande vizuri havikuwa ukuta. Dallas ilifanikiwa kwa sababu iliwachagua mapema na pia iliwaacha wakae.

Upande wa pili, wa wanaouvunja ukuta, yupo pia mtu mwenye asili ya karibu zaidi na Bukoba. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, mwanasiasa wa Masaka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu, na akauawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin, yule yule aliyeivamia Kagera miaka sita baadaye. Kutoka Bukoba hadi Masaka ni safari ya kuvuka Mutukula tu. Mjukuu alichaguliwa na New York Giants mwaka 2006, chaguo la 32, la mwisho katika duru ya kwanza, kwa kazi ya kuvunja ukuta wa wengine. Giants walikuwa tayari na watu hodari wa kazi hiyo, lakini waliendelea kuwarundika. Februari 2008, Kiwanuka akiwa nje kwa mguu uliovunjika, wenzake walimwangusha Tom Brady mara tano na kuwafunga New England Patriots, ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu mzima, 17 kwa 14. Miaka minne baadaye timu hizo zilikutana tena kwenye Super Bowl, safari hii Kiwanuka akiwa uwanjani, na Giants wakashinda tena. Klabu zikiona mambo kama hayo, hazihitaji mwalimu wa kuzieleza kwa nini wazuiaji hupanda bei.

Hata hivyo si kila tofali zuri hutoka juu ya rundo. Philadelphia waliotwaa ubingwa Februari 2025 kwa kuifunga Kansas City 40 kwa 22 walikuwa na Lane Johnson wa chaguo la nne upande mmoja. Upande wa pili alisimama Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga, ambaye alichaguliwa wa 233 mwaka 2018, duru ya mwisho, bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alifundishwa miaka miwili kabla ya kuaminiwa. Nyuma yao Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 msimu huo, na mbele ya Mahomes ukuta wa Kansas City ulipasuka tena, akaangushwa mara sita.

Katika soka ya Tanzania hakuna drafti, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Marekani timu ya mwisho hupewa chaguo la kwanza. Tanzania timu ya mwisho hushushwa daraja. Wachezaji hupatikana kwa dirisha kubwa na dirisha dogo la usajili, na wanaofika mezani kwanza ni wenye fedha: Simba, Yanga na Azam. Klabu ya Kagera Sugar, inayotumia uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, imeishi miaka yake yote kwa kuchagua baada ya wengine kushiba. Kwa timu ya namna hiyo, beki na kipa wana faida moja ambayo mfungaji hana: vigogo huwagombania kidogo zaidi, kwa hiyo hukaa.

Msimu wa 2016/17 ulionesha hilo. Kocha Mecky Maxime, mwenyewe beki wa zamani wa Mtibwa Sugar na Taifa Stars, alikuwa amewasili kutoka Mtibwa. Katika dirisha dogo akaongezwa kipa Juma Kaseja, ambaye wengi walidhani enzi zake zimepita. Aprili 2, 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2 kwa 1 pale Kaitaba, na ndipo jina la beki wa kati, Mohamed Fakhi, likajulikana nchi nzima kwa njia ambayo mabeki hawaiombi. Simba walilalamika kwamba alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72, inayosimamia ligi, ikawapa Simba pointi tatu, kisha uamuzi huo ukatenguliwa na matokeo ya uwanjani yakabaki. Ligi ilipoisha Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya magoli. Kagera Sugar ilimaliza ya tatu, juu ya Azam. Mfungaji wake tegemeo, Mbaraka Yusuph, hakumaliza hata miezi michache kabla hajachukuliwa na Azam hao hao.

Baada ya hapo timu ilipanda na kushuka kwa namna ambayo mashabiki wa Kaitaba waliizoea. Msimu wa 2018/19 iliifunga Simba, bingwa wa nchi, nyumbani na ugenini, lakini yenyewe ikamaliza katika eneo la mchujo na kunusurika kwa kuitoa Pamba ya Mwanza. Msimu wa 2024/25 ilipita mikononi mwa zaidi ya kocha mmoja, Kaseja akiwa wa mwisho, safari hii kwenye benchi la ufundi. Iliaga Ligi Kuu pamoja na KenGold ya Mbeya baada ya takribani miaka 20.

Chini ya mpango wa Bert Bell, msimu kama huo ungeipa Kagera Sugar haki ya kutangulia foleni na kumchukua kijana bora wa nchi. Chini ya mpango uliopo, kijana wa Nshamba au Kamachumu anayetaka kuwa beki hupitia UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, UMISSETA akiwa sekondari, kisha ligi ya wilaya na ya mkoa, na hakuna siku moja ambayo jina lake huitwa kwa zamu. Wanaokwenda kutazama mashindano hayo aghalabu hurudi na jina la aliyefunga. Mtoto mrefu asiyejua kupiga chenga husukumwa nyuma au golini kwa sababu hakuna pengine pa kumweka, na ukuta wa timu huanza kwa watu waliobaki. Timu inaposhuka daraja, wa kwanza kuondoka ni washambuliaji wenye ofa mkononi. Usajili wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huanzia kwa kipa na mabeki ambao hawakupigiwa simu.